Kuita Siku: Tafakuri juu ya Nahau Zilizosikiwa Endebess

Nilipokuwa nikisahihisha karatasi za mtihani wa kozi ya semi, nilikutana na sentensi iliyonikera. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alitakiwa kuandika kisa kifupi kitakachodhihirisha matumizi ya nahau sita za Kiswahili. Nahau yake ya nne ilikuwa katika sentensi hii: "Walipofika kwenye mstari wa mwisho wa shamba, mama alisema, 'Tuite siku,' wakabeba majembe yao." Niliipiga mstari mwekundu, na pambizoni nikaandika maneno matatu: "Hii si nahau." Nikamnyima alama mbili.

Alikuja ofisini baada ya juma moja. Hakuja kubishana.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kwetu ndivyo tusemavyo."

"Kwenu ni wapi?"

"Endebess."

Nilimwambia kwamba nitaitazama karatasi yake upya, naye akashukuru akatoka. Sikumwambia kuwa nami nimezaliwa Endebess. Wala sikumwambia kuwa msemo ule niliusikia nyumbani kwetu karibu kila jioni ya utoto wangu, kabla sijajua kusoma. Makala hii ni jaribio la kueleza jinsi mtu anavyoweza kuukana usemi wa baba yake kwa wino mwekundu, huku akiamini kuwa anaitetea lugha.

Endebess ni mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Kitale, katika barabara iendayo Suam mpakani mwa Uganda, chini ya mlima ambao ramani huuita Elgon na Wabukusu huuita Masaba. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na kwa muda wa miaka mingi ardhi ya huko ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Wafanyakazi wa mashamba hayo walikuwa mchanganyiko: Wasabaot, ambao nchi hiyo ya mlimani ilikuwa yao kabla ya kupimwa na kugawanywa, Wabukusu waliopanda kutoka upande wa Bungoma, Waturkana walioshuka kutoka kaskazini, na wengineo. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Walowezi nao walikuwa na Kiswahili chao, ambacho wanaisimu wamekiita Kisetla, lugha ya amri isiyojali ngeli wala nyakati. Mnamo mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina la kitabu hicho lawataja waziwazi wale waliokusudiwa: mwanajeshi, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kitabu kama hicho kilimwezesha mwajiri kuamrisha. Mfanyakazi aliyetaka kujua mwajiri wake anasema nini na wenziwe hakuwa na la kutumia ila masikio. Isitoshe, walowezi wengi hawakupenda kusemeshwa Kiingereza na mtu waliyemwajiri. Waliona ni kujipandisha. Kwa hiyo Kiingereza cha mashambani kilikuwa lugha ya kusikiwa tu, na aliyeijua alipaswa kujifanya haijui.

Baba yangu aliijua kwa namna hiyo. Aliondoka Bungoma akiwa kijana katikati ya miaka ya 1950, akaajiriwa katika karakana ya shamba mojawapo kuwa mtu wa kupitisha spana. Hakuwahi kukaa darasani. Fundi mkuu wa karakana alikuwa Mzungu, na kila mwajiri alipokuja kuangalia trekta, wawili hao walizungumza Kiingereza juu ya kichwa cha kijana aliyelala chini ya mashine. Mazungumzo yenyewe hayakuwa ya maana kubwa: mvua, bei ya mahindi, jirani fulani na mkewe, ubovu wa vipuri. Lakini ni katika porojo za aina hiyo ndipo nahau huishi. Mtu hatumii nahau anapotoa amri, huitumia anapopumua.

Baba alianza na zile zilizokuwa karibu na maisha yake. Aliposikia kwamba jambo fulani lingesubiriwa mpaka ng'ombe warudi nyumbani, alielewa mara moja, kwani yeye ni mtoto wa wafugaji na alijua jinsi jioni inavyokuwa ndefu kwa mchungaji aliyechoka. Kuhusu ile mvua inyeshayo paka na mbwa, alituambia kuwa siku ya kwanza alichungulia nje. Kila nahau aliyotusimulia ilikuwa na mahali pake, hali ya hewa yake, na mtu aliyeisema. Hakuweza kuieleza pasipo kueleza kwanza kisa chake.

Nahau moja ilimwingiza matatani, na ndiyo iliyomfanya awe na kanuni. Trekta moja kuukuu ilikufa injini, fundi akasema kuwa imepiga ndoo teke. Baba alitafuta ndoo asiione. Baadaye akang'amua kuwa maana yake ni kufa. Miezi michache ikapita, akafariki mlowezi mmoja mzee wa shamba la jirani. Mke wa mwajiri alipopita karakana, amevaa nguo za kwenda maziko, baba alitaka kumpa pole kwa lugha yake. Akamwambia kuwa amesikia mzee yule amepiga ndoo teke. Bibi yule alimtazama, kisha akaenda zake bila kujibu. Fundi alimwita baba kando akamweleza kuwa usemi ule ni wa trekta, si wa rafiki wa familia.

Tangu siku hiyo baba alijiwekea sharti, na sisi watoto tukalisikia mara nyingi. Alisema: "Neno la watu halichukuliwi mpaka lisikiwe mara tatu. Mara moja likisemwa kwa furaha, mara moja kwa hasira, na mara moja pasipo sababu. Kwa furaha utajua linapopendeza. Kwa hasira utajua linapouma. Pasipo sababu utajua uzito wake likiwa peke yake." Nimesoma vitabu vingi vya semantiki tangu wakati huo, na sijapata muhtasari unaolishinda sharti hilo.

Katika nahau zote alizozichuma karakanani, iliyoingia nyumbani kwetu ni ile ya kuita siku. Waingereza wanapotaka kuacha kazi huambiana kwamba na waiite siku, yaani saa zilizokwisha kufanyiwa kazi zichukuliwe kuwa ni siku kamili. Fundi aliisema kila jioni huku akipangusa mikono kwa tambara. Kwake yeye lilikuwa neno la mapumziko. Wafanyakazi walipoitwaa, waliitia maana nyingine, na hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo.

Babu yangu na wenzake wengi waliajiriwa kwa mkataba wa tikiti. Mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa zikishajazwa zote. Siku ambayo haikutiwa alama haikuwa siku, hata kama mtu alilima tangu alfajiri. Aliyechelewa, aliyeugua adhuhuri, aliyekosana na mnyapara, aliweza kuipoteza siku yake nzima. Katika maisha ya namna hiyo, "kuita siku" hakukuwa kupumzika tu. Siku iliyoitwa ilikuwa imehesabiwa. Imeingia katika kadi, na hakuna awezaye kuirudisha nyuma. Nyumbani kwetu msemo huo ulibeba maana zote mbili. Mama alipousema tukiwa shambani, tulijua kwamba kazi imekwisha na kwamba imetosha; hatutalaumiwa kwa mistari iliyobaki. Mwingereza hana maana hiyo ya pili. Aliutoa msemo akiwa ameshika tambara, ukapokewa na mtu aliyeshika kadi.

Nilipoingia shule, nilikutana na nahau za namna nyingine. Mimi ni wa kizazi cha mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la kutahiniwa katika shule za msingi kote nchini. Nahau ziliandikwa ubaoni kwa orodha, upande wa kushoto msemo, upande wa kulia maana. Tulizikariri za Kiswahili siku moja na za Kiingereza siku nyingine, kwa sauti moja, na mtihani ulizidai hivyohivyo. Nje ya darasa palikuwa na diski, kipande cha mbao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia adhabu za jinsi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu siasa ya lugha, akizungumzia shule za miaka ya 1950. Mimi niliivaa diski mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nilipokuwa darasa la nne, ripoti yangu ya muhula iliandikwa kwa Kiingereza kwamba nivute soksi zangu juu. Sikuwa na soksi. Sikuwa na viatu. Nilimpelekea baba ripoti nikiwa na hofu, kwani nilidhani ni orodha ya sare zilizopungua. Nilipomsomea, alicheka hadi akaketi. Usemi huo aliujua: mwajiri wake wa zamani aliwaambia wanawe walipokuja likizo kutoka shule ya bweni, nao walivaa soksi ndefu zilizowafika magotini. "Soksi hizo si zako," aliniambia, "ni za watoto wa yule bwana. Wewe jikaze." Mwalimu aliyeiandika ripoti alikuwa jirani yetu, na kwa hakika aliujua msemo huo kutoka katika orodha aliyoikariri naye. Ulikuwa umepita katika mikono mingi bila mtu yeyote kutazama miguu ya mtoto.

Haingekuwa haki, hata hivyo, kuilaumu lugha ya kigeni pekee. Orodha za Kiswahili nazo zilitoka mbali. Tulifundishwa kuwa asemaye kwa kuficha huzunguka mbuyu, nami sikuwahi kuona mbuyu mpaka nilipokuwa mtu mzima. Tulifundishwa kuwa mambo yakiharibika huenda mrama, na hakuna aliyetuambia kuwa mrama ni mwendo wa chombo kinachoyumba baharini. Kwa mtoto wa Endebess, mbuyu na soksi vilikuwa sawasawa: vitu vya watu wengine vilivyoletwa kwa chaki.

Neno hilo la mrama nililipata kwa haki yake mwaka 2006, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu. Tulivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu mwezi wa Julai, kusi ikivuma. Mashua ilipoanza kulala upande, bibi mmoja aliyekaa karibu nami alinishika mkono wa shati. "Chombo chenda mrama, mwanangu. Shika ubao." Nilikuwa nimeifundisha nahau hiyo kwa miaka miwili katika shule ya upili. Nilikuwa sijaijua.

Kinyume cha hayo kilitokea nyumbani. Orodha yetu ilikuwa na usemi wa kula chumvi nyingi, maana yake kuwa na umri mkubwa. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kisabaot, aliposikia tukiukariri, aliukubali papo hapo. Mlimani mwetu kuna mapango yenye chumvi, likiwemo lile la Kitum ambalo tembo huliingia usiku kuikwangua. Na wafugaji wa mlimani waliwapeleka ng'ombe katika mapango ya namna hiyo tangu zamani. "Ndiyo," alisema mzee, "ng'ombe aliyekula chumvi nyingi ndiye huwaongoza wenziwe pangoni." Sidhani kama mtu wa pwani aliyeufikiria usemi huo mara ya kwanza alikuwa na ng'ombe akilini. Lakini tangu siku hiyo usemi ulikuwa na kwao Endebess.

Wanafunzi wa uzamili watakumbuka kuwa Bronislaw Malinowski, katika insha yake ya mwaka 1923, alishikilia kwamba maana ya usemi haiwezi kutengwa na muktadha wa hali ambamo umesemwa, na mfano wake mashuhuri ulihusu wapiga makasia na mitumbwi yao. Dell Hymes, mwaka 1972, aliongeza kuwa kuijua lugha ni pamoja na kujua lini useme, useme na nani, na wapi unyamaze. Mambo haya nimeyafundisha kwa miaka mingi. Nimeyafundisha, kisha nikawatungia wanafunzi mitihani ya orodha. Kamusi kama ile ya misemo na nahau aliyoitunga K. W. Wamitila, iliyochapishwa mwaka 1999, ni hazina kubwa, na sina nia ya kuibeza. Kosa ni letu sisi tunaoifanya kamusi kuwa lango la pekee, tukasema kwamba kisichoandikwa humo hakijasemwa.

Yapo mashaka ambayo mhakiki mwenzangu atakuwa nayo, nami ninayo. Je, "kuita siku" si tafsiri sisisi tu, sawa na ule msemo wa "mwisho wa siku" ambao watangazaji wetu wameuzoea, na ambao nimeukemea mara kadha wa kadha darasani? Yote miwili chimbuko lake ni Kiingereza. Yote miwili yanaonekana kuwa Kiswahili kwa maneno, na Kiingereza kwa maungo. Tukiupima usemi kwa asili yake, hatuwezi kuukubali mmoja na kuukataa mwingine. Nami nimefikiri sana juu ya jambo hili, kwa sababu ningependa kumtetea baba yangu bila kuisaliti kazi yangu.

Naona kipimo cha asili hakitufai. Kiswahili kimepokea semi za watu tangu kale, na tungeanza kuzirudisha zote tungebaki bubu. Kipimo kinachofaa ni kuuliza usemi umefanyiwa nini na walioupokea. "Mwisho wa siku" wa mtangazaji una maana ileile uliyokuwa nayo kwa Kiingereza, bila kuongezwa wala kupunguzwa; ukiuondoa, neno "hatimaye" lakaa mahali pake na hakuna kilichopotea. "Kuita siku" ya wafanyakazi wa Endebess haina neno moja la kuishika nafasi yake, kwani ndani yake mna kadi, mna mnyapara, mna hofu ya jasho lisilohesabiwa. Inawezekana kuwa siku moja "mwisho wa siku" nao utapata maisha ya namna hiyo. Hapo itanibidi niupokee. Kwa sasa naendelea kuusahihisha, lakini kwa penseli.

Nilirudisha alama za mwanafunzi wangu. Hata hivyo, karatasi ilikuwa lazima ipite kwa mtahini wa nje, naye, kama ipasavyo, aliandika swali moja kando ya badiliko langu: ni nani mwingine asemaye hivi? Lilikuwa swali la haki. Kumbukumbu za mwalimu aliyezaliwa mahali pamoja na mtahiniwa si ushahidi wa kutosha, na huenda hata zikaonekana kuwa upendeleo. Niliomba muda.

Mwezi wa Desemba nilikwenda Endebess. Sikwenda na hojaji. Nilijua kuwa nikimwuliza mtu kama husema "tuite siku", atasema ndiyo kwa adabu au hapana kwa kuona haya mbele ya msomi. Kwa hiyo nilikaa. Nilisaidia kupukuchua mahindi, nikanywa chai, nikasikiliza habari za mvua na bei ya mbolea, mambo yaleyale yaliyozungumzwa juu ya kichwa cha baba. Siku ya tatu, wazee wawili waliowahi kufanya kazi mashambani walipomaliza gunia lao la mwisho kabla ya magharibi, mmoja alijipiga magoti akasema kwa kicheko, "Basi, tuite siku." Hiyo ilikuwa moja. Siku ya tano, nyumba ya pili kutoka kwetu, bibi mmoja aliwafokea wajukuu wawili waliokuwa wakigombana juu ya deni la zamani ambalo lilikwisha kulipwa: "Iteni siku! Limehesabiwa hilo!" Hiyo ilikuwa ya pili, nayo ilikuwa na ile maana ya kadi waziwazi. Bibi huyo hakuwahi kuijua karakana.

Ya tatu sikuipata. Nilikaa siku nne zaidi, nikarudi chuoni.

Nilipoketi kumjibu mtahini wa nje ndipo nilipokumbuka kuwa nilikuwa nayo. Mwaka 2011 baba aliugua, nami nilikwenda kukaa naye nyumbani. Usiku mmoja nilikuwa nikimkanda miguu, taa imepunguzwa, hatuzungumzi. Alisema polepole, "Tuite siku." Nilikuwa nimepata uzamifu mwaka uliotangulia. Nilidhani amepotewa na hesabu ya siku, nikamjibu, "Leo ni Jumatano, Baba." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Jumatano," akageukia ukutani alale. Alifariki baada ya majuma mawili.

Fomu ya mtahini wa nje ina nafasi ya mistari mitatu kwa maelezo ya msahihishaji. Katika mstari wa kwanza niliandika: Endebess, Desemba, wazee wawili, baada ya kupukuchua mahindi, kwa furaha. Katika wa pili: Endebess, Desemba, bibi kwa wajukuu, kwa hasira. Katika wa tatu: Endebess, 2011, mgonjwa kwa mwanawe, pasipo sababu. Fomu ilirudi ikiwa imetiwa sahihi, na alama mbili zikabaki kwa mwenyewe.